Umeona au Umesikia?

Mama Fabrisi alinipigia simu asubuhi, ndio kwanza nakunjua nyaya za maiki kwa ajili ya kwaya iliyokuwa inakuja kurekodi, akaniambia mumewe, Mzee Bonifasi, ametutoka. Hakulia. Alisema ametutoka alfajiri ya siku hiyo, nyumbani kwao Usa River, na kwamba tangazo la msiba anataka nilisome mimi na si mtu mwingine. Nikamwambia sawa Mama, nakuja. Nikakata simu, nikakaa juu ya spika, na wanakwaya walipofika wakanikuta bado nimekaa hapo hapo. Nikawaambia warudi kesho. Kiongozi wao alitaka kubisha, maana nauli walishatoa, lakini akaniangalia usoni akaacha.

Nilipokuwa nafunga mlango, maandishi ya tangazo yakaingia kwenye simu. Yametoka kwa Everisti, ambaye siku hizi anaishi Ulaya na ndiye anayeendesha kile chombo cha habari Mzee alichokianzisha. Kila kitu alikiandika kama matangazo ya vifo yanavyoandikwa: jina la marehemu, alipofia, mazishi yatafanyika wapi, habari ziwafikie nani na nani. Ila sehemu moja aliacha nukta. Aliandika, "Marehemu ameacha mjane na", halafu nukta nukta nukta. Chini akaniandikia mimi: "Hapo dada sijui tuweke nini. Muulize Mama. Mimi siwezi." Jamani, hata mimi sikujua. Tukiweka mtoto, watu watauliza mtoto gani. Tukiacha kuweka, tutakuwa tumemzika kijana kwa mdomo wetu wenyewe, na hakuna anayejua kama amekufa. Nukta zile zilinirudisha kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka niliofanya kazi na Mzee na wenzake Kaloleni, nikiwa na miaka ishirini na tatu, mdomo hauna breki na sweta moja tu ya kuvalia baridi ya Arusha. Sasa kichwani zimeanza mvi, na bado sijamaliza kugombana na mwaka ule.

Nchi yao sitaitaja. Waliokuwa wanatupigia simu wengine bado wako kule. Niseme tu kwamba walikuwa waandishi wa habari, redio yao ilifungwa na askari, wakavuka mpaka na nguo walizovaa, na kati ya miji yote wakaangukia kwa Mama Zubeda, nyuma ya uwanja wa mpira. Mama Zubeda alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, naye aliwapa vyumba viwili mwisho wa ua, karibu na bomba. Hakujua wanafanya nini. Aliona watu wanaoongea kwa sauti ya chini, wanaofunga mlango kila jioni na kuambiana tulieni tunaanza, akaamua ni walokole. "Walokole wasioimba," alikuwa ananiambia, na hilo lilimsumbua sana, kwa sababu walokole wengine wote wa Kaloleni walimnyima usingizi kwa kuimba.

Mimi nilikuwa nafanya kazi studio ya kwaya ng'ambo ya kichochoro. Everisti alikuja siku moja kuuliza kama kuna mtu anayeweza kuwasaidia, maana sauti yao ilikuwa inatoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya debe. Nikaenda. Nikatundika mablanketi ukutani, nikaweka godoro mlangoni, nikawaambia sasa jaribuni. Mzee Bonifasi alikuwa amekaa mezani, mtu mrefu, mwembamba, amevaa tai. Ndani ya chumba cha kupanga Kaloleni, hana pa kwenda, lakini tai ipo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba nisome chochote. Nikaokota kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, nikasoma habari ya bei ya mbolea. Akafumba macho mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza kama nina ndugu kwao. Nikasema sina. Shangazi? Mjomba? Mtu yeyote aliyeolewa kule? Nikamwambia Mzee, ukoo wetu haujawahi kuvuka hata Singida. Akacheka, na akasema neno ambalo sikulielewa uzito wake siku ile: "Basi sauti yako haina ndugu wa kukamatwa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tovuti yao ilizuiwa kule nyumbani, na aliyekutwa anaifungua aliingia matatani. Kwa hiyo kila jioni walitengeneza taarifa ya habari ya dakika chache, ya kusikiliza, wakaituma kwenye simu za watu wachache wanaoaminika. Hao wakawatumia wengine, na wengine wakawatumia wengine, kila mmoja anasikiliza na kufuta. Everisti alisoma kwa lugha yao, mimi nilisoma Kiswahili, kwa sababu kwenye masoko na gereji za mji wao mkuu Kiswahili ndicho kinachosikika. Nilisomea nimekaa kitandani. Kitanda hicho Mama Fabrisi, mke wa Mzee, alikitengenezesha kwa fundi wa hapo mtaani kwa ajili ya mtoto wao wa pekee, Fabrisi, ambaye alibaki kwao kwa bibi yake mzaa baba ili amalize chuo. Angemaliza mitihani mwezi wa saba, kisha angekuja. Walijua hatari ipo, lakini walijiambia yeye ni mwanafunzi tu, anasomea mambo ya udongo, nani atamgusa. Kitanda kilishatandikwa shuka. Juu ya mto kulikuwa na sweta ya kijivu aliyomchagulia mama yake kwenye mitumba, akiishikilia kila siku na kuuliza, "Elinipa, mikono haitamfikia kweli? Mtoto wangu ana mikono mirefu." Mimi nilimwambia ataivaa tu, kwanza baridi ya Meru haimwulizi mtu urefu wa mkono.

Mzee alikuwa na sheria moja iliyozidi zote, nayo aliiita midomo miwili. Hakuna mtu anayetangazwa amekamatwa, au ametoweka, au amekufa, mpaka watu wawili waseme wameona kwa macho yao, kila mtu kwa wakati wake, bila kusikia mwenzake alichosema. Sheria hii haikutoka hewani. Zamani kwenye redio yao waliwahi kutangaza kifo cha mtu kwa mdomo mmoja tu, na mtu yule alikuwa mzima. Mama yake alishanyolewa nywele za msiba. Serikali ikapata kisingizio ilichokuwa inakitafuta, ikasema hawa ni waongo, ikaja na kufuli. Kwa hiyo kila aliyepiga simu Kaloleni akilia, Mzee alimwacha alie, kisha akamuuliza kwa upole: "Umeona au umesikia?" Akisema amesikia, Mzee alimshukuru na kumwomba atafute aliyeona. Swali hili nililijua hata kwa lugha yao, na humo ndani tulilifanya la utani. Mama Fabrisi akisema maziwa yameletwa, Everisti anamuuliza, "Umeona au umesikia?" Nikisema maharage yameiva, naulizwa hivyo hivyo. Maharage, kwa kweli, yalikuwa hayaivi. Mama Fabrisi aliilaumu baridi, akakaa na chungu mchana kutwa, akayaunga kwa mawese, tukala na ndizi. Nilipowaletea loshoro ya nyumbani, mahindi na maziwa mgando, Mzee alionja kijiko kimoja akaweka sura ya mtu anayesikiliza habari asiyoiamini. Baada ya wiki mbili akaniuliza kwa nini siku hizi siileti.

Nataka ieleweke kwamba sheria ile ilikuwa inaokoa watu. Mwezi wa tano alikamatwa mwalimu mmoja wa sekondari, akachukuliwa akiwa na chaki mkononi. Kabla ya saa tisa tulikuwa na midomo miwili, mwanafunzi wake na mpishi wa shule. Jioni nikasoma jina lake, na rangi ya gari, na kituo alichopelekwa. Asubuhi wakamwachia. Mzee alitueleza kwamba wale watu wanafanya mambo yao wakidhani hakuna anayejua. Wakijua inajulikana, na bado ni mapema, huwa wanasita, lakini ukichelewa hawana cha kusita tena. Mke wa mwalimu alitutumia sauti ya shukrani, analia na kucheka pamoja, na Mama Fabrisi aliirudia kuisikiliza huku anachambua mchele. Mimi nilitembea Kaloleni nzima nikijiona nimeokoa roho ya mtu. Nani angeniambia kitu?

Fabrisi walimchukua mwezi wa sita. Ilikuwa asubuhi, mlima ulikuwa hauonekani, wingu limeshuka mpaka mabatini na sisi tumejifunika vitenge mabegani. Simu ilipigwa na mwanamke muuza mkaa, jirani wa bibi. Mzee aliiweka sauti kubwa kama kawaida ili Everisti aandike. Nilimwona Everisti ameacha kuandika, kalamu iko hewani. Mzee akauliza lile swali, sauti yake ile ile. Yule mama akasema ameona: gari ya kijani haina namba, wanaume wawili wenye viatu vya kijeshi, Fabrisi amevaa fulana nyeupe ya chuo. Mzee akamshukuru. Kisha akampigia mama yake mzazi, na hata yeye Mzee alimuuliza vile vile, ameona au amesikia. Bibi aliongea muda mrefu. Everisti alininong'oneza maana yake: alikuwa jikoni, akamsikia mjukuu wake akiita Bibi, Bibi, mara mbili. Alipotoka akakuta vumbi na kandambili ya mguu mmoja. Mzee akauliza tena, pole pole. Bibi akajibu neno moja. Mzee akaweka simu mezani, akasema, "Mmoja."

Mama Fabrisi alikuwa mlangoni, ungo wa maharage mikononi. Aliongea Kiswahili, na mimi naamini alifanya hivyo ili niwe shahidi. "Bonifasi, yule ni mama yako. Sauti ya mjukuu wake anaijua."

"Amesikia," Mzee akasema.

"Amemsikia mtoto wako."

"Kila mama aliyenipigia akasema amesikia, nimemrudisha akatafute aliyeona. Kesho nitaanzaje?"

"Kesho utaanza ukiwa na mtoto," Mama Fabrisi akasema, na akaenda kukaa jikoni.

Msidhani Mzee alikaa tu. Haki ya Mungu, sijawahi kuona mtu anatafuta kitu kama alivyoutafuta ule mdomo wa pili. Alipiga simu kwa kila mtu wa mtaa ule: fundi cherehani, kinyozi, mchungaji, watoto wa shule kupitia kwa mama zao. Wote walikuwa wamesikia. Walisikia breki, walisikia makelele, walisikia kwa muuza mkaa. Kulikuwa na kijana mmoja wa baiskeli za abiria ambaye kijiwe chake kilikuwa hapo hapo kwenye kona, lakini simu yake ilikuwa imezimwa na yeye mwenyewe hakuonekana. Everisti alipiga magoti, kweli kabisa, kijana wa watu na suruali yake safi, akapiga magoti sakafuni na kumwambia Mzee, tuvunje leo tu, kwa huyu mmoja, hakuna msikilizaji atakayejua. Akamkumbusha mwalimu. Akamwambia bado ni mapema. Mzee akamshika mabega akamnyanyua, akasema kwamba yeye atajua, na kwamba siku wakijulikana wametangaza mtoto wa mhariri kwa mdomo mmoja, wale wote waliowahi kutangazwa kwa midomo miwili watageuka kuwa porojo, na hakuna gari litakalosita tena kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuwa anasema kweli. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba ukilichukua kila neno lake ukaliweka juani, lilikuwa kweli.

Jioni tukafunga mlango. Nilimwomba Mzee, mimi mwenyewe, nikamwambia nipe jina lake nilisome, nitalisoma haraka mwishoni. Akaniambia, "Nipatie mdomo wa pili, mwanangu, nitakuandikia kwa mkono wangu." Nikakaa kwenye kitanda cha Fabrisi, sweta yake ikinigusa pajani, nikasoma foleni za mafuta, daraja lililochukuliwa na maji, na waziri aliyefungua soko. Sikukosea hata neno moja. Upande wa pili wa blanketi nilimsikia Mama Fabrisi anapumua, alikuja kusikiliza kama atabadili mawazo. Nilipomaliza alinyanyuka, akapakua chakula kama siku zote, akamwekea mumewe sahani. Ila kila siku alikuwa anamwambia karibu, Baba Fabrisi. Siku ile aliweka sahani akaenda.

Kijana wa baiskeli aliwasha simu yake siku ya tatu. Alikuwa amekimbilia kwa wakwe zake, mbali, ameogopa mpaka akaacha baiskeli njiani. Akasema ameona. Gari ya kijani, wanaume wawili, fulana nyeupe, kila kitu kilivyo. Mzee aliandika ile habari kwa mkono wake kama alivyoahidi, na mwandiko wake mzuri siku ile nilihangaika kuusoma. Nikausoma. Kesho yake serikali ya kule ikasema haimjui mtu wa jina hilo. Wiki haijaisha, mwanamke anayeuzia askari chai akamtumia bibi ujumbe: kijana alikuwepo kituoni siku ile ya kwanza, amekaa chini ukumbini, anaomba apigiwe simu baba yake. Walimtoa asubuhi ya siku iliyofuata. Kwa hiyo jioni ile niliyosoma habari za daraja, yeye alikuwa bado amekaa pale. Mzee alipoambiwa alitoka nje, akafungua bomba la uani, akaanza kunawa uso. Alinawa, akanawa, tai inalowa, maji yanatiririka mpaka kwenye mlango wa Mama Zubeda. Mama Zubeda alitoka amekasirika kwa sababu ya maji, akamwona, akafunga bomba mwenyewe na kumshika mkono. Alimwongoza mpaka kwenye kigoda chake na kumpa khanga ajifute.

Je, tungemtangaza angeachiwa? Sijui. Nimewahi kumchukia Mzee kwa miezi, nikiwa nafua, nikiwa nampakata mwanangu wa kwanza, ghafla namkumbuka anasema "Mmoja" na damu inanichemka. Nimewahi pia kufikiri kwamba huenda walimchukua ili baba yake avunje sheria, wapate kicheko, na kwamba kama walishapanga kumuua wangemuua hata hivyo. Wapo wanaosema Mzee alikuwa na moyo wa jiwe. Hao hawakumwona kwenye bomba. Nadhani aliogopa kitu kimoja tu maishani, kuonekana ametumia maiki ile kwa ajili yake mwenyewe, na uoga huo ulimkamata siku ambayo ilitakiwa awe baba kwanza na mambo mengine baadaye. Naandika hivi na bado sina hakika. Mtu akiniuliza siku ya mvua nitasema alikosea, akiniuliza siku ya jua nitasema hapana.

Kuanzia hapo hatukutaniana tena kwa lile swali. Mama Fabrisi alipika, akafua, akamwitikia mumewe alipoitwa, lakini swali lile likitoka kwenye simu alinyanyuka na kwenda uani mpaka limalizike. Kila Ijumaa tulisoma majina ya wasiojulikana walipo, na jina la Fabrisi likaingia humo. Mara ya kwanza nilipolifikia sauti ilikwama. Mzee alinisimamisha, akasema, "Lisome kama wengine. Wote wana mama." Nikajikaza kisabuni, nikarudia. Nililisoma Ijumaa zote zilizobaki za mwaka ule, kama wengine, huku nimekalia shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Kabla mwaka haujaisha wakaja watu wawili kwa Mama Zubeda kuuliza wapangaji wake ni akina nani. Yule mama akawaambia walokole, tena walokole wazuri, hawapigi ngoma. Wakaondoka, lakini Mzee alishajua kwamba wamefuatwa. Wakahamia Usa River, nyumba ndogo nyuma ya mashamba ya maua. Kitanda kilipakiwa juu ya mkokoteni, sweta iko ndani ya mto, na Mama Zubeda alilia kama anaozesha binti. Everisti hakuhamia nao. Alipata njia ya kwenda Ulaya, akaaga kwa adabu zote, akambusu Mama Fabrisi mikono, na kwa Mzee akatoa mkono tu. Mimi nikarudi kwenye kwaya zangu. Nikaolewa, nikazaa, nikafungua studio yangu, na kila Krismasi niliwapelekea loshoro. Miaka ikapita humo. Mtu mmoja aliwahi kupiga simu akasema Fabrisi amezikwa mahali fulani. Mzee akamuuliza ameona au amesikia, akasema amesikia. Mwingine akasema yuko gereza la kusini, naye amesikia. Wote wawili Mzee aliwashukuru, na Mama Fabrisi wote wawili aliwasikilizia uani.

Nilipofika Usa River siku hiyo ya msiba nilimkuta Mzee bado yuko chumbani, gari la kumpeleka mochwari linasubiriwa. Amevalishwa tai. Nilimshika mguu juu ya shuka, nikakaa naye kidogo, nikaenda sebuleni walikokaa akina mama. Everisti alikuwa hewani kwenye simu yangu, analia, na katikati ya kulia akaanza, "Dada, samahani, lakini wewe ume..." akashindwa kumaliza. Nikamwambia nimeona, Everisti. Mama ameona, na mimi nimeona. Akashusha pumzi. Ndipo nikamwendea Mama Fabrisi, nikapiga magoti mbele yake na kumwambia kwamba kuna nafasi imeachwa kwenye tangazo, na hatujui tujaze nini.

Pembeni alikaa mzee mmoja wa kwao, mchungaji, mtu mwema anayewazika wenzake huku ugenini. Yeye ndiye aliyejibu kwanza. Alisema kwa sauti ya huruma kwamba miaka imekuwa mingi, kwamba Mama asijitoneshe kidonda, tuandike ameacha mjane, inatosha, na mtoto tumwache kwa Mungu, kwa sababu wote tunajua.

Mama Fabrisi alimtazama. Tangu siku ya ungo wa maharage sikuwahi kulisikia lile swali likitoka kinywani mwake.

"Mchungaji," akasema, "umeona au umesikia?"

Mchungaji akainamisha kichwa. Mama Fabrisi akanigeukia mimi, akaniuliza kama katika miaka yote hii kumewahi kupatikana midomo miwili ya kusema Fabrisi amekufa. Nikasema hapana, Mama. Mmoja je, ulioona? Nikasema hata mmoja. "Basi andika," akasema, na mimi nikaandika alivyoniambia, neno kwa neno.

Kitanda kilikuwa chumba cha nyuma, kimetandikwa, sweta juu ya mto. Nikafunga dirisha, nikatundika blanketi mlangoni kama zamani, nikakaa, nikawasha simu irekodi. Mama Fabrisi akaja, akakaa kando yangu. Nikasoma jina la Mzee, kazi aliyoifanya, alipofia na atakapozikwa. Nikasoma kwamba marehemu ameacha mjane na mtoto mmoja wa kiume. Halafu nikafika mwisho, pale tunapowataja ndugu na jamaa: "Habari zimfikie mwanawe, Fabrisi, popote alipo." Sauti ilikatika. Nikasema samahani Mama, ngoja nirudie, nitaisoma kama wengine. Akaweka mkono wake juu ya simu.

"Usirudie," akasema. "Akiisikia, ajue tumelia."

Nikaituma.